Herufi za Upande

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya baba yangu mdogo, fundi mabango mliyezoea kumwita Upande, na kwa kuwa alituagiza tusimpambe, wivu wake nao umo humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mdogo wa baba yangu, ambaye mwandiko wake ulinyooka tangu utotoni, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kwa mwalimu yule yule aliyemfundisha kaka yake huyo, mwalimu aliyemchapa mkono wa kushoto aliouandikia na kumuuliza kwa nini asiwe kama mwenzake. Alianza kumwonea kaka gere pale pale darasani.

Mwaka 1975 aliingia karakana ya kaka, akajilazimisha kuandika kwa mkono wa kulia, akaiga kila herufi, na sifa zote zikaenda kwa kaka, hata msusi aliyemuoa tarehe 12 Juni 1982, wakajaliwa watoto watatu, alikuwa amekuja kumuulizia kaka, jambo ambalo marehemu alimchokoza nalo mkewe hadi uzeeni.

Tarehe 9 Agosti 1986, akiandika bango la duka la dawa, ngazi iliyumba, akajishikilia kwa mkono wa kulia, akamalizia kwa wa kushoto, herufi zikalala upande, akashuka akisubiri kutukanwa, lakini mwenye duka alitazama weee, kisha akasema, "Na ukuta wa nyuma niandikie hivi hivi." Tangu hapo hakumuiga mtu, akafungua karakana yake, wateja wakamfuata, na sasa ikawa zamu ya baba kuumwa roho, akawa anazunguka mtaa wa pili asilione bango lile.

Marehemu aliugua ini kuanzia Novemba mwaka jana, akafariki hospitalini tarehe 2 mwezi huu, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mlioleta rangi ya kibao cha kaburi. Kibao hicho amekiandika baba, alitaka kukiandika kwa herufi za upande, akajaribu kwa kulia, akajaribu kwa kushoto, akafuta, mwisho akaandika kwa zake zilizonyooka, akisema zile za upande huyu bwana ameondoka nazo.

Pumzika kwa amani, baba mdogo, kaka yako bado anakuonea gere.