Bathsheba Nyamusi na Chupa ya Chai ya Shemeji Yake

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu wa Rodi Kopany, majirani wa hapa Rusinga na ninyi nyote mliovuka daraja la Mbita kuja kutushika mkono, familia inaomba mtulie na msikilize hadi mwisho, kwa sababu mama huyu amesemwa sana wiki hii, kwenye simu na kwenye foleni ya chakula, na mengi yaliyosemwa si kweli.

Marehemu Bathsheba Nyamusi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1972 huko Rodi Kopany, mtoto wa tatu wa Mzee Orina Bichage na Mama Phelesia, Waadventista waliotoka Kisii kuja kuuza maharagwe na mahindi sokoni, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kushuku, kwani baba yake alimpa kazi ya kuzamisha mkono hadi chini ya gunia kutafuta mawe na mahindi yaliyooza, na wauzaji walipomwona anakuja walianza kujieleza kabla hajawauliza lolote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne Novemba 1990, kisha akawa karani wa stoo ya nafaka pale sokoni. Jumapili tarehe 15 Desemba 1996 alifunga ndoa na Javan, fundi wa injini za mashua, mzaliwa wa boma hili, na huku Rusinga wote wakamwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lynnet aliyezaliwa 1998 na Job aliyezaliwa 2002.

Februari 2010 aliajiriwa kuwa mlinzi wa usalama katika uwanja mmoja mdogo wa ndege wa huku kwetu, akapelekwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki sita, akarudi na daftari ambalo alilisoma hadi kurasa zikalegea. Kila asubuhi kabla ndege haijatua aliutembea uwanja mzima kwa miguu, akiokota misumari, mawe na vipande vya waya, akifukuza mbuzi, na wasafiri walipofika aliwauliza maswali yale yale, awe chifu, awe padri, awe bibi harusi, na waliomwona mkali walikuwa wengi kuliko waliomshukuru.

Alhamisi tarehe 7 Machi 2019, saa mbili asubuhi, alifika mezani pake Obare, kaka mkubwa wa Javan, mtu aliyekuwa amesimamia arusi yao, akisafiri kwenda Nairobi na mkoba mdogo wa begani.

“Shemeji, kuna mtu amekupa kitu umbebee?” Bathsheba akamuuliza.

“Nyar Kisii, hata mimi?” Obare akacheka. “Hakuna. Ni nguo na chai yangu tu.”

Lakini hakumtazama machoni, na Bathsheba alipoinua chupa ya chai, ile ndogo ya vikombe viwili, mkono wake ulivutwa chini kana kwamba ameshika jiwe la kusagia, na chupa yenyewe ilikuwa baridi. Akaitikisa, haikulia kama maji. Abiria kumi na mmoja walikuwa wamesimama nyuma, rubani anatazama saa yake, na Obare akanong'ona, “Shem, tafadhali, usinifanyie hivi mbele za watu.” Bathsheba aliwaambia watoto wake baadaye kwamba alimwona Javan akilini, na mama mkwe, na jikoni kwake ambako angepaswa kuingia Jumapili ile, kisha akafungua kifuniko, akaona zebaki, yale madini ya majimaji yanayotumiwa kunasa dhahabu huko migodini Migori.

Alijua kutoka mafunzoni kwamba zebaki hula aluminiamu, na ndege imeundwa kwa aluminiamu, kwamba ikimwagika mahali pasipoonekana inaendelea kula kimyakimya mpaka siku moja angani bati linaachia, kwa hiyo aliisogeza chupa mbali, akazuia ndege isiondoke, akawaita polisi wamchukue shemeji yake.

Kuanzia siku hiyo kila mtu alimshuku mwenzake. Wakubwa wa Bathsheba kazini walijiuliza ni mara ngapi jamaa zake walikuwa wamepita pale, wakamwondoa mezani na kumweka getini miezi sita wakimchunguza, na hata hivyo alikwenda kila siku na sare iliyopigwa pasi, mpaka Septemba barua ikaja kwamba hana hatia. Obare, aliyeshikilia kwamba alibebeshwa na mfanyabiashara mmoja bila kujua, alihukumiwa kutumikia jamii, akafagia soko la Mbita miezi sita mbele ya watu wanaomjua. Hapa bomani walisema mwanamke huyu amemuuza shemeji yake apandishwe cheo, na Bathsheba mwenyewe akaacha kula chakula cha nyumba ya Obare, akipokea sahani kwa heshima na kumpa mbwa.

Juni 2023 alianza kuvimba miguu, na katika hospitali ya rufaa akaambiwa kwamba shinikizo la damu, ambalo amekuwa nalo tangu 2014, limeharibu figo zote mbili. Alihitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Javan hana gari, na aliyejitolea kumpeleka alikuwa Obare. Mke wa Obare, Susana, alimpikia uji, na mgonjwa akaukataa, akaunusa, akaukataa tena, basi Obare akawa anamimina kikombe, anakunywa funda moja mbele yake, kisha anampa. Walifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima. Oktoba 2024, wakiwa wanasubiri mashine, Obare alimwambia mbele ya Lynnet, “Nilijua si chai. Sikujua ni nini, lakini nilijua si chai, na nilikudanganya.” Bathsheba akanyoosha mkono.

“Nipe huo uji, shemeji. Usionje.”

Ndugu Obare ameketi hapa mbele, na ni yeye aliyeomba haya yasomwe bila kufichwa, na kwa wanaonong'ona kwamba Nyar Kisii aliwekewa kitu kwenye chakula, ripoti ya daktari iko kwa mchungaji, yeyote anayetaka aje asome. Bathsheba alituacha Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na miwili, Javan na Susana wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliochunga ng'ombe wetu, na wenzake wa uwanjani, ambao leo wamekuja na sare zao na kutuambia kwamba ndege ya asubuhi imeondoka salama.

Pumzika, Nyar Kisii, pumzika kwa amani mpaka Bwana atakapokuita.