Mihuri Miwili Kwenye Kabati la Korti

Kijiwe cha mtaa wa Waberi, Garissa, kina benchi moja, birika moja la kahawa ya tangawizi, na tangu uchaguzi wa chama cha wafanyabiashara wa mifugo uvurugike, kina mada moja tu. Viongozi wa zamani waliangushwa kwa kura, wakakataa kuutoa muhuri. Wapya wakachongesha wa kwao. Wa zamani wakakimbilia kortini, na hakimu akaichukua mihuri yote miwili akaifungia kabatini hadi kesi isikizwe. Alhamisi hiyo, adhuhuri imepita, Qali alifika hapo mbio, mtoto mgongoni, mtandio umemwanguka mabegani hana habari, mkononi barua ya mumewe, Liban, iliyoletwa na dereva wa lori la ng'ombe. Liban amezuiliwa na polisi njia ya Nairobi, yeye na ng'ombe wake kumi na wanane, na ameambiwa alete barua ya chama yenye muhuri kwamba si wa wizi, la sivyo kesho anashtakiwa. Lori linarudi huko muda si mrefu.

— Nani atanipigia muhuri, adeer, ami yangu? Yeyote, wa zamani, wa sasa, mimi sijali, kalamu ninayo, karatasi ninayo.

Alimwambia Keynan, aitwaye Wakili kwa sababu hajakosa siku hata moja ya kesi hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kumwita kortini.

— Pole pole, walaal, dada yangu. Wa zamani hawawezi, wameondolewa. Wapya hawawezi, wamezuiwa. Kisheria, chama iko.

— Iko wapi?

— Iko tu. Lakini hakuna mtu ndani.

Qali alikuwa amefika kidato cha nne, alidhani ataelewa. Alimtikisa mtoto ambaye hata hakuwa akilia.

— Wakili anakuchanganya, alidakia Alio Redio, kijana ambaye akianza kusema hazimiki. Hiyo mihuri haiko kabatini, maze. Ilipelekwa Nairobi ipimwe na mashine, ijulikane gani ni ya ukweli.

— Mashine gani inapima muhuri? aliuliza Qali.

— Ile ya kupima maziwa, lakini kubwa. Na nasikia kuna muhuri wa tatu, uko Elwak, mtu amelala juu yake. Tena hawa watu hawana ugomvi! Usiku wanakula sahani moja. Wanashtakiana ili kusiwe na uchaguzi mwingine mpaka ng'ombe wote wa Garissa waishe.

— Wallahi kesho utasema ng'ombe ndio walifungua kesi, alisema Jawahir, mwenye birika, akimmiminia nusu kikombe kama adhabu.

— Si ndio wanaoumia?

Walicheka. Qali alitaka kucheka pia ili wasimchoke, lakini kilichotoka kilikuwa kama kikohozi. Huko njiani je, Liban amekula? Ng'ombe wamekunywa? Kumi na wanane chini ya jua hilo, na yeye hapa anasikiliza habari za mashine ya maziwa.

Mwisho wa benchi alikaa Mzee Olow, dalali wa soko la ng'ombe. Keynan alimwelekezea kidole.

— Muulize huyu. Kuna hati ya kiapo ya upande wa zamani, alama ya dole gumba lake iko. Ya upande mpya, dole lake liko.

— Wale wa zamani walikuja nyumbani kwangu na heshima, alisema Olow. Nikapiga dole. Hawa wapya ni ukoo wa mama yangu. Ningewanyima?

— Mzee umejishtaki mwenyewe! alipiga kelele Alio.

Qali alimgeukia mzee taratibu.

— Adeer Olow, ng'ombe za Liban, nani alimuuzia?

— Mimi. Jumatatu, pale sokoni. Vidole vyake vilikuwa ndani ya mkono wangu, chini ya shuka, tukapatana bei kwa kubonyezana. Alama ya kila ng'ombe naijua. Yule mwekundu ana sikio limepasuka.

— Mwenye ng'ombe alikuwepo?

— Alisimama mbele yangu, kama wewe sasa.

— Basi kwa nini usipande lori uende uwaambie?

Alio alitazama viatu vyake. Mzee Olow alifuta uso kwa kiganja, mara mbili.

— Bila barua ya chama, mama, mimi nikifika huko ni nani?

Jawahir aliinamisha birika juu ya kikombe cha Keynan, likatoa tone moja na masalia meusi.

— Kahawa imeisha, alisema. Amkeni.

Barabarani dereva alipiga honi. Qali aliokota bakora ya mzee iliyokuwa chini ya benchi, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akamnyooshea. Olow aliishika bakora, akasimama.

— Muulize dereva, alisema, kama mbele kuna nafasi. Magoti yangu hayapandi na ng'ombe.