Mbuzi wa Kilio Hakuwa Msamaha

Historia hii aliisimulia kwanza mama Anne-Marie Kahindo, mjane wa marehemu, hapa Butembo tarehe 4 Mei 2025, siku iliyofuata kifo, nasi wa familia tumeiandika kama alivyoisema.

Marehemu Apollinaire Syauswa alizaliwa Kasugho tarehe 14 Machi 1957, akasoma huko masomo ya msingi, kisha miaka minne ya sekondari Butembo hadi 1975, baba yake alipofariki, ndipo akaanza biashara ya maharagwe kati ya Kanyabayonga na Butembo, asipunje mtu kwenye mizani.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa kanisani na Anne-Marie, Mungu akawapa watoto watatu, Delphin, Rébecca na Bénie, kitinda mimba, aliyeolewa Beni, kule Bungulu, akafiwa na mumewe mapema.

Tarehe 11 Februari 2016 Bénie aliuawa mlangoni pake na shemeji yake Gamaliel, aliyeitaka parcelle, yaani kiwanja, ambacho ndugu yake alimwachia Bénie, na ambaye majirani walimwona akivizia pale siku tatu, chuma mkononi. Kwenye matanga jamaa za Gamaliel walileta mbuzi, marehemu Apollinaire akampokea, kwa kuwa kwetu kinacholetwa kwenye kilio hakirudishwi, hata kikitoka kwa adui. Lakini sheria ya Serikali ina ngazi zake: aliyeua kwa kupanga, hiyo ni assassinat, adhabu yake kifo, aliyeua kwa kusudi bila kupanga, kifungo cha maisha, aliyepiga tu na mtu akafa, miaka mitano hadi ishirini. Jaji Ilunga alimteremsha Gamaliel mpaka ngazi ya chini, akisema nia ya kuua haikuonekana, na kwa kuwa familia zilikwisha kupatana kwa mbuzi, akampa miaka mitano. Marehemu alisimama, akasema: "Bwana juge, ile mbuzi ilikuwa ya kilio, hapana ya musamaha. Mutu mwenye kungojea mutoto wangu siku tatu, alipanga."

Rufaa ilikataliwa, Gamaliel akatoka 2021, na tangu hapo kila tarehe 11 Februari marehemu alishuka Bungulu, akasimama mbele ya duka la Gamaliel, akasoma polepole kipengele cha sheria juu ya assassinat, wateja wakisikia, hata mwaka 2024, ugonjwa wa sukari ulipokuwa umekwisha kumla mguu, alikwenda kwa magongo, na duka, wateja wakilikimbia, likafungwa mwaka ule ule.

Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa tisa mchana, akiwa ametuagiza kifo cha Bénie kitajwe hapa kwa jina lake: assassinat. Tumekitaja.

Tunawashukuru waganga wa hospitali, majirani waliopika na kubeba maji, na wachuuzi wenzake wa soko.

Jaji Ilunga alikwisha kufa. Mama Anne-Marie yuko hai, Delphin na Rébecca wako hai. Lala salama, baba. Gamaliel yuko hai, nasi tuko hai.