Pete ya Abdulrahman

Siku ya kwanza Swaumu kurudi na birika lake la kahawa kijiweni Kaloleni, eda ikiwa imekwisha juzi tu, alivaa pete ya marehemu mumewe, Abdulrahman. Miezi minne na siku kumi hakugusa pambo lolote. Asubuhi hiyo akaichukua, akaitia kidoleni, akatoka. Pete ya kiume kabisa, ya fedha, yenye jiwe jekundu. Upweke ulikuwa umemwamsha tangu alfajiri, akadhani angalau wateja wake wa zamani watamuuliza hali. Wapi! Usama, mdogo wa marehemu, aliiona pete hata kahawa hajaonja.

— Shemeji, hiyo nipe. Pete ya mwanaume ikae kwa wanaume. Hawa wazee wa kijiwe wakikubali, leo naondoka nayo.

Swaumu akakunja ngumi, akamtazama Zadock, mmoja wa wazee hao, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja.

— Kisheria, Wakili akaanza, saa ya mwanaume mwanamke anaweza vaa. Cheni pia. Lakini pete? Hapana. Pete iko na jina ya mwenyewe, hata kama haijaandikwa.

— Wacha hiyo, omera, ndugu yangu! akadakia Owiti, fundi wa baiskeli, Injinia wa kijiwe. Shida ni uzito. Mkono ya mwanamke imezoea kitu nyepesi. Ukiweka chuma nzito upande moja, mwili inapinda. Mimi naona hiyo kwa baiskeli kila siku.

— Na sauti inabadilika! Wakili akaongeza. Kuna mama huko Nyamasaria alivaa cheni ya bwanake. Mwaka haikuisha, akaanza kukoroma mpaka majirani wakadhani bwana amefufuka.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Swaumu hakucheka. Yeye angetoa chochote asikie mtu akikoroma ndani ya nyumba yake tena.

— Basi imeisha, Usama akanyoosha mkono. Tena kaka alikuwa na vidole kama ndizi. Hata haikutoshi.

Ndipo Winny, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Dunga, aliyesimama pale kunywa kikombe kimoja tu aende zake, akaushika mkono wa Swaumu, akaugeuza.

— Mbona inamkaa sawasawa? Ona, huku chini imezungushwa uzi. Nani alifunga?

— Si ni yeye! Usama akasema. Ameipunguza imtoshe.

— Nilimfungia kaka yako, Swaumu akasema. Mwezi wa mwisho ilikuwa inaanguka kitandani kila nikimgeuza. Vidole vilikuwa vimekwisha, vimebaki kama vyangu. Akaniambia nifunge uzi, hataki kuivua. Mimi nimeivaa tu vile alivyoiacha.

Winny akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na nia ya kumchokoza mtu, alikuwa ameshangaa kweli.

— Kwani nyinyi mlikuwa wapi?

Injinia akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. Wakili, mwenye neno kwa kila jambo, akachungulia ndani ya kikombe chake. Usama akarudisha mkono mfukoni. Swaumu akangoja, maana hata yeye alitaka sana kujua.