Fundi Ambindwile na Moto wa Mara ya Pili

Leo ni tarehe 9 Juni 2025, miezi saba na siku nne tangu niondoke Tukuyu kuja Tunduru kwenye kazi ya barabara. Huku nimepata habari kwamba Fundi Ambindwile Mwakalinga anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya Bulyaga. Nimeombwa niandike machache kwa ajili ya hafla yake. Mimi niliishia darasa la saba, basi nasema nilivyoona.

Alianza mwaka 1993 kwa kufagia na kuwashikia wenzake vyuma. Alipokuja kuwa fundi, wengine walichomelea wakakabidhi, yeye alizika. Kazi ikitoka motoni aliifukia kwenye pipa la majivu ya moto ipoe polepole mpaka kesho yake, mvua inyeshe, mteja anune. Msimamizi wetu, Dennis, alipomwuliza kama karakana imegeuka makaburi, alimjibu, "Bosi, ndizi uliyoifukia leo unaifukua leo? Utakula utomvu."

Mwaka 2014 nilichoka kusubiri. Nilimwagia maji jino la kijiko cha mtambo wa kuchimbia likiwa bado jekundu. Nikalipitishia tupa, ikateleza kama juu ya kioo kwa ugumu wake, nikajisifu. Siku ya pili jino likakatika kwenye jiwe kule Kisondela. Fundi hakunifokea. Alinitembeza na kile kipande mfukoni wiki nzima, ndipo akanieleza: chuma laini huliwa na mchanga, kigumu kupita kiasi huvunjika. Kilichokwisha kukazwa kwa maji kinahitaji moto wa mara ya pili, wa polepole, mpaka kipate rangi ya jani kavu la mgomba. Hapohapo unakitoa.

Rangi hiyo ndiyo inayoninyima utulivu. Yeye huiona kwa jicho tu. Mimi bado naikosea. Mwezi huu meno matano niliyoyatengeneza yamevunjika hapa, na mkandarasi amesema la sita nitaondoka nalo. Karakana nzima hakuna mwingine aliyejifunza. Akishahamia shambani kwake Ikuti, sisi tutabaki na pipa la majivu.

Fundi, ahsante kwa kutuchelewesha miaka yote hiyo. Migomba yako istawi, na mama Tusekile azoee kukuona nyumbani mchana. Ila tanuri usilizime kwanza. Nimepewa ruhusa ya siku nne. Nitafika Ijumaa, tarehe 27, asubuhi, na nitakuja moja kwa moja karakana.