Mzee Protus Okwara na Taa ya Kilimani

Mzee Protus Okwara alizaliwa Bukhayo mwaka wa 1904, mbali na ziwa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaitwa nyumbani kuchunga ng'ombe.

Mwaka wa 1926 alishuka Port Victoria akawa mpagazi gatini, na mwaka wa 1931 akapewa kazi ya kutunza mnara wa taa kilimani: kusugua vioo, kukata utambi, kujaza mafuta, ili meli zijue gati liko wapi. Manahodha walimletea kadi zenye picha za minara ya ng'ambo. Mmoja mweupe umesimama juu ya mwamba, mawimbi yanaupiga pande zote. Mwingine una mistari myekundu kama soksi. Alizibandika ukutani. Wajukuu walimwuliza kama watunzaji wa minara ile wanajuana. "Tunajuana sana," alijibu. "Sote tunalala mchana."

Alifunga ndoa na Zilpa, binti kutoka Bumala, tarehe 22 Aprili 1933. Siku ya posa wazee waliuliza kazi ya kijana.

"Anawasha taa," mshenga alijibu.

"Sawa. Akishaiwasha?"

"Anaiangalia."

"Anaiangalia ikifanya nini?"

Watu walicheka mpaka uji ukamwagika. Zilpa hakucheka. Alitaka kuiona hiyo taa.

Mwaka wa 1962 ziwa lilifura likafunika gati. Meli zikaacha kuja, mizigo ikahamia kwenye malori. Mwaka uliofuata wakubwa wakaufunga mnara, wakisema hakuna tena anayeitazama taa ile. Kadi ya mwisho kutoka kwa nahodha mmoja ilieleza kwamba hata ng'ambo minara inawekewa taa za umeme zinazojiwasha zenyewe, na watunzaji wanarudishwa makwao. "Kumbe hata wao," mzee alisema, akaibandika pamoja na zile nyingine. Lakini kila jioni aliendelea kupanda na mafuta yake mwenyewe. Mwanawe Barasa, anayefanya kazi ya malori Malaba, alimtania, "Baba, unamwashia nani? Samaki?" Swali hilo lilimwuma mzee kuliko magoti yake.

Mwanzoni mwa wiki hii kifua kilimlaza. Jioni hiyo mnara ulibaki giza. Waumini walikuja kumwombea, naye Zilpa akatundika karabai mlangoni ili waone njia. Mvuvi Ochom aliiona kutoka majini, akadhani ni ile ya kilimani, akaifuata mpaka mashua yake ikakwama kwenye mafunjo. Aliingia katikati ya sala, amelowa mpaka shingoni.

"Mzee! Nani amehamisha kilima?"

"Kwani mlikuwa mnaitazama?" mzee aliuliza.

"Tutazame nini kingine? Sisi huifuata kurudi nyumbani kila siku."

Mzee Protus alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalia, na Zilpa hakuwa amewahi kumwona akilia.

Alhamisi, tarehe 14 Septemba 1967, pumzi zilikuwa zimepungua sana. Dada ya mzee, Leonida, alimwonya Zilpa, "Wifi, mke haondoki kitandani saa kama hii." Lakini mzee alisema, "Mama Barasa, nenda ukaiwashe."

"Na wewe?"

"Mimi nitaiona kutoka hapa."

Zilpa alipanda akilia, akaiwasha, akashuka mbio kumwambia kwamba imewaka. Alimkuta ametulia.

Hapa matangani pamekuwa na minong'ono kwamba mke alimwacha mumewe akate roho. Leonida mwenyewe, aliyeanza kuyasema hayo, ameomba yasomwe haya mbele ya kaburi: mwanga ulipotokea dirishani, kaka yake aligeuza uso kuuelekea, akasema, "Ndiye huyo, Mama Barasa, amefika." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Mzee Protus ameacha mjane wake, Zilpa, mwanawe, Barasa, binti yake, Euphrasia, dada yake, Leonida, na wajukuu wengi. Ameacha pia Ochom na wenzake, waliokuja leo jua likiwa bado juu kwa sababu hawakujua kama jioni kutakuwa na taa. Kutakuwa nayo. Barasa amekuja na debe la mafuta kutoka Malaba, na tukitoka hapa atapanda na mama yake.

Lala, Mzee Protus. Usiamke kuangalia utambi.