Mtaa Uliotanuka kwa Mita Mbili

Benchi hilo lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na kila anayekalia upande wa matofali hujiona ana haki ya kusema zaidi. Liko kwenye kona, ubavuni mwa kibanda cha kutengeneza simu, na mbele yake kuna jiko la mkaa la Mama Birika, ambaye kahawa yake husifiwa kwamba huzibua akili, ingawa kwa wateja wake mwenyewe dawa hiyo bado haijafanya kazi. Siku hiyo benchi liliwaka moto kwa maneno. Kikundi cha wachora ramani wa kujitolea, ambacho wanachama wake ndio haohao wanywa kahawa, kilikuwa kimeangukiwa na bahati. Kila baada ya miezi michache vikundi vyote vya mji huokota vikaratasi vya kura, na kikundi kinachopata huchagua mradi, kisha wengine wote huja kukisaidia. Safari hii wamepata wao. Jumamosi wanakuja watu sitini, na simu zao na futi zao. Kilichobaki ni kutuma jina la mradi kabla ya saa kumi jioni. Sasa ni saa tisa, na jina hakuna.

— Watu sitini! — Bomba alijipiga paja. — Sitini, jamani! Hata harusini kwangu hawakufika sitini.

— Harusini kwako walifika ishirini, na kumi walikuwa wamekosea nyumba, — Chaji alijibu kutoka dirishani mwa kibanda.

Bomba ni fundi wa mabomba, na mtaa anaujua kwa chini kuliko kwa juu. Chaji ndiye mwenye kibanda. Dada wa watu ana ulimi usioishiwa moto, na kwa sababu simu yake nayo haizimiki, alifanywa katibu wa kikundi. Wa tatu, aliyekalia matofali, alikuwa Mzee Futikamba. Huyo kwa miaka thelathini alishika ncha ya mnyororo wa wapima ardhi, wengine wakisoma na kuandika. Siku aliyostaafu aliapa kwamba hatamshikia mtu ncha tena. Alijinunulia futi ndefu ya mita thelathini, ikining'inia kiunoni kama funguo za bohari, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa. Ni yeye pia aliyeichora kwa mkono ramani kubwa iliyobandikwa ukutani mwa kibanda. Kwenye ramani hiyo kulikuwa na kisanduku cha karatasi cha kueleza alama, na ndani yake, chini kabisa, maneno "Imechorwa na Futikamba", kwa herufi nene kuliko barabara kuu.

Mama Birika naye alikuwa mwanachama, ila hakuwahi kupima hata hatua moja, kwa sababu birika haliachwi peke yake. Leo alikuwa na neno. Alilibeba tangu alfajiri, na kila alipomimina kahawa alilisogeza karibu na mdomo.

— Mimi naona tuchore vichochoro, — alisema. — Milango ya huku nyuma. Mnakumbuka seremala alipoanguka kutoka paani? Gari la wagonjwa lilizunguka karibu saa nzima likimtafuta. Tukambeba juu ya mlango aliokuwa anautengeneza mwenyewe.

— Lakini si alipona? — Bomba alisema, akinyoosha kikombe. — Tena ule mlango ulithibitika kuwa imara. Ongeza kidogo, mama.

Akaongeza. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, chumba chake kiko humo vichochoroni nyuma ya benchi. Presha inapanda na kushuka, na daktari alisema uchungu ukianza wasisubiri hata robo saa. Mama Birika aliogopa. Aliogopa asubuhi akiwasha jiko na aliogopa mchana akiosha vikombe, na watu hawa waliokuwa na msaada wa watu sitini mikononi walikuwa wanamwomba sukari.

— Sikilizeni, — Bomba alisema. — Mradi ni mabomba. Mtaka cha mvunguni huinama! Tuwainamishe watu sitini, tuchore kila bomba lililofukiwa.

— Unataka wageni wakufanyie kazi yako, — alisema Chaji.

— Si yangu, ya umma! Hapa chini kuna bomba moja kubwa, la enzi za mababu, hakuna anayejua linakoanza wala linakoishia. Nimelisikia. Ukilaza sikio chini mchana wa jua kali, linapumua.

— Bomba linapumua?

— Linakoroma kabisa!

Chaji alitoka nje, bisibisi bado mkononi.

— Achana na vilivyofukiwa. Mradi ni mtandao. Tuchore mahali simu zinaposhika na mahali zinapokata. Mimi nimefanya utafiti. Kwenye ngazi za fundi cherehani, mtandao unakaa ngazi ya tatu tu. Ya pili hakuna, ya nne hakuna.

— Kwa nini ya tatu? — Bomba aliuliza, macho yamemtoka.

— Mtandao una aibu. Watu wanapiga kelele kwenye simu, nao unajificha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndiyo maana ukiusubiri hauji.

— Umesema kweli tupu, dada yangu.

— Milango ya nyuma, — alisema Mama Birika. — Binti yangu amebakiza wiki tatu.

— Atajifungua salama, mama, Mungu yupo, — alijibu Bomba kwa upole wa kweli kabisa, halafu akageukia tena ngazi ya tatu.

Hapo Mzee Futikamba alikohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kufungulia kikao, na wote wakamgeukia.

— Nina jambo, — alisema. — Nilikuwa nimelificha, kwa kuwa ni zito. Njia ya mwongo ni fupi. Sivyo?

— Ndivyo, — walijibu wenzake.

— Basi njia ndefu ni ya mkweli. Nami nitasema ukweli mrefu. Mtaa huu, kutoka kituo cha maji hadi shuleni, tuliupima nikiwa kijana. Mita mia mbili na kumi na mbili. Nilinakili kwenye daftari langu, ninalo mpaka leo. Juzi nimeupima tena.

Akanywa funda moja. Hata kahawa jikoni ilionekana kutulia.

— Mia mbili na kumi na nne.

— Eti nini?

— Mtaa umetanuka kwa mita mbili.

— Futi yako imechakaa, mzee, — Chaji alijaribu.

— Futi mpya! Ni mtaa. Kiatu ukikivaa kila siku hakitanuki? Na mtaa unakanyagwa na watu wangapi kila siku?

Bomba akaruka kutoka benchini, benchi likayumba, kikombe kikamwagika.

— Bomba langu! Ndilo linalosukuma! Linajaa maji, linavimba, mtaa unanyooka!

— Na mtandao! — Chaji naye alishika kichwa. — Mnara uko palepale, mtaa unasogea! Ngazi ya tatu ya leo ndiyo ngazi ya pili ya zamani!

— Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tufanye hima! — Mzee Futikamba alisimama, futi inacheza kiunoni. — Watu sitini, wamejipanga kituo cha maji mpaka shuleni, kila mmoja na kipande chake. Tunapima mtaa mzima siku moja. Wataandika habari zetu!

Wakashikana mikono. Ukweli ni kwamba walikuwa hawajawahi kukubaliana hata siku moja, tangu benchi liwekwe. Kukubaliana kwenyewe kuliwalevya kuliko jambo walilokubaliana. Chaji alitoa simu akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti: "Mradi wetu ni kupima mtaa unaotanuka." Mama Birika alisimama na birika mkononi. Alitaka kupiga kelele, akaona aibu, halafu akaona hasira kwa kuona aibu.

Ndipo mtu mmoja akatokea kwenye kona. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limelowa jasho, viatu vimejaa vumbi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo! Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Bomba alimkaribisha. — Kaa, umekuja siku ya historia.

— Asanteni. Nimetafuta benchi hili tangu saa saba. Nimesikia mna ramani nzuri.

— Hiyo hapo, — alisema Mzee Futikamba, akijitengeneza kola.

Mgeni aliisogelea ramani, akaitazama kwa heshima, mikono nyuma. Akaitazama tena.

— Samahani wazee. Hapa tulipo, kwenye ramani ni wapi?

— Swali dogo! — Mzee Futikamba aliweka kidole kituo cha maji, akapanda nacho, akapita ngazi za fundi cherehani, akakunja kushoto. Kidole kikagonga kisanduku cha alama. — Ngoja. Nimekosea kona.

Bomba akaleta kidole chake kutoka bondeni. Kikaishia kisandukuni. Chaji akaleta chake kutoka barabara kuu, mbio mbio, nacho kikaishia hapohapo. Vidole vitatu vilikutana juu ya neno "Futikamba".

— Kipande hiki alipewa nani? — Chaji aliuliza taratibu.

— Mimi nilianzia benchini kwenda juu.

— Mimi nilianzia benchini kwenda bondeni.

— Na mimi nilianzia benchini kwenda barabarani.

— Wote mlianzia hapa, — alisema Mama Birika. — Na wote mkaondoka.

Mzee Futikamba alikuwa ametoa kitambaa, anajifuta shingo.

— Nilipokuwa naichora nikaona mahali hapa pamebaki peupe, — alisema. — Nikasema hapa pana nafasi, nibandike kisanduku.

— Nyani haoni kundule, — alisema Mama Birika, na hiyo ndiyo methali pekee iliyopata mahali pake jioni ile.

Mgeni hakucheka. Alikaa benchini, upande usio na matofali.

— Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, — alisema. — Mwezi uliopita nilimtafuta seremala mmoja maeneo haya, nikashindwa. Tangu siku hiyo sina raha. Leo ni siku yangu ya mapumziko, nikasema nije kwa miguu nijifunze njia.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama Birika alimmiminia kahawa.

— Nina binti, baba. Amebakiza wiki tatu ajifungue.

— Basi akishikwa na uchungu utapiga simu, na jambo la kwanza utakaloulizwa ni moja tu. Mama, uko wapi? Hebu nijibu, kama vile mimi ndiye nimepokea.

— Niko hapa kwenye benchi la kahawa.

— Lipi?

— La kwenye kona.

— Kona ipi, mama?

Alifungua mdomo. Miaka kumi na tisa amemimina kahawa mahali pale, anamjua kila mnywaji na idadi ya vijiko vyake, lakini kona yenyewe haina jina. Alimtazama Bomba, Bomba akatazama chini kwenye bomba lake. Alimtazama Chaji. Alimtazama Mzee Futikamba, na mzee akatazama ramani.

— Saa kumi kasoro dakika nne! — Chaji alipiga ukelele. Kidole kilifuta maneno yote kwenye simu. — Sema, mama! Naandika!

— Andika milango. Kila mlango wa vichochoroni, kuanzia hapa.

— Jina la mradi?

— "Uko Wapi?" — alisema Mama Birika.

— Imekwenda! — Chaji alirusha mikono juu. — Imepokelewa! Dakika mbili kabla!

Bomba alimkumbatia dereva kama ndugu aliyepotea, akammwagia nusu ya kikombe, akadai kwamba tangu mwanzo alikuwa na wazo hilohilo. Watu waliopita walisimama kuuliza kuna sherehe gani.

Mzee Futikamba hakushangilia. Alikwenda kwenye ramani, akaingiza kucha chini ya kisanduku, akakibandua taratibu, na jina lake likatoka nacho. Chini yake palikuwa peupe pe. Kisha akafungua futi kiunoni, akamkabidhi Mama Birika.

— Shika wewe, mama. Nenda nayo mpaka mlangoni kwa binti. Wewe utasoma.

— Na ncha?

— Ncha nitashika mimi.

Akachuchumaa kwenye mguu wa matofali, akaikandamiza ncha kwa vidole viwili, kama alivyofanya miaka thelathini.

— Uisome vizuri! — Bomba alimpigia kelele kwa nyuma. — Usije ukasema kichochoro nacho kimetanuka!

— Na kahawa je? — Chaji aliuliza.

— Kahawa imekwisha!

Mama Birika akaingia kichochoroni, futi ikifunguka nyuma yake, dereva akimfuata. Futi iliisha kabla ya mlango, ikabidi mzee asogee na ncha yake, magoti yakilia, waendelee. Binti alitokea mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele.

— Mama, kuna nini?

— Mita arobaini na moja, mwanangu, — alisema Mama Birika, anacheka na machozi yanamtoka. — Arobaini na moja kutoka benchini!

Dereva alichomoa kalamu mfukoni, akaiandika namba hiyo kiganjani, karibu na dole gumba.